Nani Aliyehesabu?

Tasnifu yangu ilihusu Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mtandaoni nilikuta idadi mbili za waliokufa: 75,000 na 300,000. Ile ndogo ilikuwa kwenye kurasa tisa, nikaiamini kwa wingi wake. Baadaye nikaona kurasa sita zimekosea jina la Songea Mbano vilevile, herufi kwa herufi. Zilikuwa zimenakiliana.

Nilimsomea bibi kwa simu. Akauliza, "Waliokufa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba wamo? Babu yangu yumo?"

Sikuwa na jibu. Nikatafuta ilikotoka 75,000: makadirio ya serikali ya Wajerumani wenyewe. Usiku ule nilifuta aya yangu, nikaanza upya na aliyehesabu, kisha idadi.