Walioachwa na Orodha

Katika SQL, lugha iliyoanzia IBM mwaka 1974, neno lisumbualo ni NULL, yaani mahali patupu. Ukilinganisha kitu na NULL, jibu si ndiyo wala siyo, bali haijulikani. Nayo SELECT huchukua ndiyo peke yake.

Hapa shuleni bweni la Mkwawa hula kwanza, hivyo orodha ya zamu ya pili iliombwa kwa sharti bweni <> 'Mkwawa', maana yake lisiwe Mkwawa. Sisi wa kutwa, tusio na bweni, hatukuonekana hata mmoja, na mpishi hampakulii asiye na jina! Kuandika bweni = NULL hakufai kitu. Niliongeza OR bweni IS NULL, tukatokea sote.

NOT IN ni hatari zaidi: NULL moja ikiwamo ndani ya orodha yake, hupati jina lolote.