Sehemu ya 4: Je, mwanangu anafaa kupandikizwa kifaa cha kusikia?

Mama zangu, hili mnaniuliza sana. Jibu: si kila mtoto asiyesikia anafaa.

Kwanza anajaribishwa shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni, kwa miezi kadhaa. Kikimtosha, upasuaji wa nini? Kisipomtosha anapigwa picha, CT au MRI, kuangalia sikio la ndani na mshipa wa fahamu wa kusikia. Mshipa usipokuwepo, sauti haina njia ya kufika kwenye ubongo.

Umri nao una uzito. Ubongo hujifunza lugha mapema, kwa hiyo usikae ukiambiwa "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Na aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo awahishwe zaidi, sikio la ndani linaweza kuziba kwa mfupa.

Muhimbili walianza upasuaji huu 2017, zamani ilikuwa safari ya India. Ila kazi kubwa iko nyumbani: mazoezi ya kusikia na kuongea kwa miaka, betri, vipuri. Jiulizeni, baba na mama, nani atampeleka kliniki?

Asiyefaa hajakosa maisha. Lugha ya alama ni lugha kamili. Anzeni kujifunza naye leo.