Dumu la Lita Tano

Ukitoka Shelui kwenda Misigiri unaupanda mlima Sekenke, na mlima ule hauna mkopo: injini inayoumwa itasema hapo hapo. Fuso la mjomba lilibeba mpunga kutoka Igunga. Tulikuwa gia ya pili, mwendo wa mtu anayewahi mnada, mshale wa joto ulipoingia kwenye nyekundu. Akaegesha. Utingo akaruka kuweka mawe nyuma ya tairi, kisha akashika tambara afungue rejeta.

"Acha!" mjomba alifoka. Ndani ya rejeta maji yamebanwa, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko yanakurukia usoni. Maji baridi nayo, ukiyamimina kwenye injini ya moto, yanaweza kupasua silinda hedi. Tukasubiri.

Dumu letu la akiba lilikuwa limevuja lote. Maji pekee yalikuwa ya mama mmoja aliyepewa lifti Shelui, ana mtoto mgongoni na dumu la lita 5.

"Mama, tusaidie hayo. Misigiri nitakujazia."

"Na tukikwama hapa, baba, mtoto atakunywa nini?"

"Bila hayo tutalala hapa."

"Basi tutalala tumekunywa."

Utingo alinung'unika: lifti ya bure, halafu anabana maji! Mimi nilimwona mama yuko sahihi, na bado namwona hivyo. Lifti haikununua kiu ya mwanawe.

Mjomba hakubishana. Alizunguka lori, akasimama mbele. Turubai lililokunjwa lilikuwa limefungwa kwenye bampa, limeziba njia ya upepo kabisa. Maji peke yake hayapozi injini. Lazima upepo upite kwenye rejeta, na mlimani, kwa mwendo ule, upepo ni wa kuokoteza.

Nikamkumbuka binamu yangu aliyeko Kanada. Huko hufunga jembe pana la chuma mbele ya pikapu, la kusukuma theluji. Akiliinua juu barabarani linazuia upepo, na injini inachemsha ilhali nje maji yameganda. Hulishusha kidogo au kuligeuza pembeni. Aliponisimulia nilidhani ananitania.

Turubai likahamia juu ya magunia. Bodaboda akatuletea madumu mawili kutoka Shelui, kwa bei ya kukomoa. Jua likizama upande wa mbuga ya Wembere, mjomba alijaza rejeta taratibu. Mshale ukabaki katikati hadi juu.

Misigiri alimshushia mama dumu lake, likiwa bado na nusu. Utingo akauliza kama hatumdai nauli. Mjomba akawasha gari.