Kwa nini Kichina?

Fomu ya kuomba masta katika masomo ya Kichina imeacha mistari kumi ya kujibu swali moja: kwa nini? Baba amekwisha jibu kwa niaba yangu: mkalimani kule Kolwezi halali njaa. Profesa mmoja naye asema naziacha lugha zetu yatima.

Mimi nimeanza na toni. Kiswahili hakina, lakini Ciluba cha nyumbani kwetu kinazo, tena zimepinduka: mahali pengi palipokuwa na toni ya juu katika Kibantu cha kale, Ciluba kina ya chini. Aliyekulia humo hashangai kusikia kwamba kwa Kichina mā ni mama na mǎ ni farasi.

Kisha ngeli. Mchina hasemi tu "karatasi mbili". Kati ya hesabu na jina hutia zhāng kwa vitu bapa, au tiáo kwa vitu virefu kama mto na samaki. Si ngeli kama zetu, maana hazivuti upatanisho wa sentensi nzima (walimu wa sarufi, msinikemee), lakini nazo zinapanga vitu kwa makundi.

Tangu mkataba wa 2008 uliozaa Sicomines, lugha hizi mbili zinakutana migodini Kolwezi kila siku, vinywani mwa wachimbaji na wasimamizi. Nataka kuwa mtu wa kuandika kinachotokea hapo, kwa kuelewa pande zote mbili.

Profesa amesoma mistari hiyo, akatia sahihi barua ya pendekezo. Sasa umebaki mtihani wa HSK, ngazi ya 4.