Mwanzo wa Mkulima wa Mwani

Kabla ya mwani kuingia pwani ya mashariki ya Unguja, mwanamke wa Jambiani aliyetaka chumo lake mwenyewe alikuwa na njia chache: kufukia makumbi mchangani hata yaoze, kisha kuyaponda na kusokota kamba za usumba, kuokota kombe na kuchokoa pweza maji yanapokupwa, au kushona mikeka ya ukili barazani. Kila binti alizirithi kazi hizo kwa mamaye, kwa kuwa walimu wake walimzunguka tangu utotoni. Mwaka 1989, mbegu ya Ufilipino ilipoanza kupandwa kwa biashara Paje na Jambiani, wakulima wote wakawa wanafunzi kwa wakati mmoja, na hapakuwa na mzee wa kuulizwa.

Wanunuzi walileta kamba, nyuzi na mbegu bila ya kudai fedha taslimu, kwa sharti kwamba mavuno yauzwe kwao, kwa bei waliyoikadiria wao. Sikanushi faida ya ihsani ile, maana asiye na rasilimali hawezi kuanza kwa mikono mitupu. Lakini ilimu ya kazi haikuja ndani ya mafurushi yale. Ilipatikana majini, kwa wanawake waliotangulia kuwaonyesha waliofuata. Mimi nilifunzwa na shangazi yangu wakati wa bamvua, maji yalipotuachia ufuko mpana wa kukita vijiti na kunyoosha kamba. “Mwanangu,” aliniambia, “usilikaze fundo likaukata mche, wala usililegeze maji yakauchukua.” Ndiye aliyenijulisha mahali ambapo tasi huja kula, na namna ya kuvuna baada ya kiasi cha wiki sita huku nikibakiza mbegu ya kupandia tena. Jirani zake walinichangia mbegu kutoka katika mashamba yao, na hapana aliyeniandikia deni.

Kwa fedha ya mwani tukanunua sare za watoto na mabati ya nyumba, na baadhi ya waume walioichukia safari yetu ya kila siku pwani wakaanza kuisifu, wengine wakashika vijiti pamoja nasi.

Kisha hali ikageuka. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa katika maji yaliyozidi joto, ukabaki spinosamu ambao thamani yake ni ndogo. Wengi waliacha, na katika dhiki ile desturi ya kuchangia mbegu ikafifia, kwa kuwa kila mtu alikihofia kidogo alichonacho. Binti aliyetaka kuanza akawa anapewa kamba na mnunuzi, lakini hana wa kumwongoza.

Tangu mwaka 2006 nimeona jambo jingine likichipua. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, miongoni mwao Dkt. Flower Msuya, walishirikiana na vikundi vya wakulima, na wanawake waliozoea kuuza mwani mkavu tu wakajifunza kuusaga unga na kuutia katika sabuni. Palizungumzwa pia kupanda katika kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Lakini huko kunahitajiwa chombo na kuogelea, na wengi wetu hatukufunzwa kuogelea. Hapo nikayakinisha kwamba maarifa mapya hayamfai mkulima mchanga asipopata mtu wa kuingia naye majini.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye vikundi watenge sehemu ya mbegu kwa ajili ya wanaoanza, na kwa sehemu ya faida ya sabuni wawape ujira wazee wanaofundisha, kwani muda wao ni mali. Nao wanunuzi na wakae na vikundi waafikiane juu ya bei kabla kamba hazijagawiwa, ili anayeanza leo ajue atavuna nini kwa jasho lake, na awe na sababu ya kumfunza atakayekuja baada yake.