Firimbi Mkononi mwa Mwamuzi

Kuhukumu baina ya watu ni kazi nzito, hata kama kinachohukumiwa ni mchezo wa watoto. Mshika firimbi hulaumiwa na huyu kwa kupuliza na yule kwa kutopuliza, wala hapana siku pande zote mbili zikarudi nyumbani zikimsifu. Hayo nayasema kwa kuyaona, kwani mimi, mzaliwa wa Mombasa, huku Baltimore, Marekani, ninakoishi na jamaa zangu, nimejifunza uamuzi wa lakrosi ya wasichana.

Sababu ni binti wa kaka yangu, aliyeanza kuucheza mchezo huo shuleni. Waamuzi walikuwa wachache, wakatafutwa watu wazima wa kujitolea, nami nikajiandikisha.

Mchezo huu kwetu pwani haujazoeleka, basi yafaa nieleze. Kila mchezaji hushika fimbo yenye kiwavu kichwani. Kwa kiwavu hicho huokota mpira, huubeba akikimbia, humrushia mwenziwe na hutupia goli. Mpira ni wa raba ngumu, uzito wake gramu 142 hadi 149. Asili ya mchezo ni kwa wenyeji wa Marekani ya Kaskazini, wakiwamo watu wa Haudenosaunee, waliokuwa nao kabla Wazungu hawajafika. Wanawake waliucheza kwa mara ya kwanza kwa sheria za kisasa mwaka 1890 katika shule ya wasichana ya St Leonards, huko Uskochi. Mwaka 1926 mwalimu Rosabelle Sinclair akauanzisha hapa Baltimore, katika shule ya Bryn Mawr. Katika shule za huku timu huwa na wasichana 12, pamoja na golikipa.

Wavulana wachezao lakrosi huvaa kofia ngumu na glavu nene, na wameruhusiwa kupigana vikumbo. Wasichana hawakuruhusiwa vikumbo, na ukimtoa golikipa, kinga yao kubwa ni miwani ya waya machoni na kinga ya meno. Kwa hiyo kinachomlinda msichana khasa ni sheria, na sheria haina mkono ila ule wa mwamuzi.

Somo la kwanza halikuwa la vitabu. Tulisimamishwa kiwanjani, tukafundishwa kupuliza. Kwanza firimbi, tena kwa nguvu, kwa kuwa firimbi ya kunong'ona huleta ugomvi. Kisha mkono uonyeshe mpira ni wa upande gani, kisha ishara ya madhambi yaliyotendeka, kisha mahali pa kuanzia. Mpangilio huu una hekima yake, maana aliyehukumiwa ana haki ya kujua amehukumiwa kwa lipi.

Somo la pili lilikuwa kichwa cha msichana. Tuliambiwa tukione kana kwamba kimezungukwa na tufe lisiloonekana, upana wa inchi 7 kila upande, na fimbo ya mpinzani isiingie humo. Fimbo yenye mpira yaweza kugongwa ili mpira utoke, lakini si kwa kuelekea usoni, na fimbo isiyo na mpira haigongwi. Anayehatarisha mwenziwe huonyeshwa kadi ya njano, akatoka nje dakika 2.

Somo la tatu ni kunyamaza. Msichana akisukumwa huku anakwenda kufunga, mwamuzi hainui firimbi bali huinua kibendera cha njano na kungoja, kwani akipuliza papo hapo atakuwa amemsaidia mwenye kosa kuizuia nafasi ya mwenye haki. Haraka haraka haina baraka. Lakini somo la nne likaja kana kwamba linalipinga la tatu. Mbele ya goli umechorwa mstari wa upinde, mita 8. Mshambuliaji aliye karibu na goli akitaka kutupa, mlinzi haruhusiwi kuikata njia ya mpira kwa kiwiliwili chake, ila awe karibu na mpinzani anayemkaba, umbali wa urefu wa fimbo. Akiikata, hapa hatukufundishwa kungoja. Puliza kabla mpira haujaruka.

Nilipopewa mechi ya wasichana wa miaka 12 hivi, jambo hilo lilinikuta. Mshambuliaji alikwisha inua fimbo, na mlinzi mmoja, kijana mwembamba mwenye bidii, akakimbia toka ubavuni akasimama mbele yake kifua wazi. Nikapuliza. Mpira ukatoka baada ya firimbi, ukampita, ukaingia wavuni, na goli halikuhesabiwa. Wazee wa upande ule wakapiga kelele. Mshambuliaji akapewa mtupo wa adhabu kutoka kwenye mstari, mlinzi akawekwa mita 4 nyuma yake, na golikipa akaudaka mpira. Kelele zikazidi.

Mechi ilipokwisha baba mmoja akanijia, uso umemwiva, akiuliza kwa nini nimemdhulumu bintiye goli. Nikamtajia sheria, nikanyamaza. Lakini aliyenigusa moyo ni yule mlinzi, aliyekuja machozi yakimlenga. Alisema hakumgusa mtu, wala hakumpiga mtu, mbona ndiye aliyeadhibiwa? Nikamwambia, "Mwanangu, sikupuliza kwa ajili ya goli lao. Nilipuliza kwa ajili ya kifua chako."

Hilo ndilo lililonikaa katika mafunzo yote. Sheria ile humwadhibu yule yule inayemlinda. Lau mtoto angesifiwa kwa kusimama mbele ya mpira wa raba ngumu, kesho angesimama tena, na wenziwe wangemwiga. Basi kungoja ni insafu pale kunapomhifadhia mwenye haki nafasi yake, na ni dhulma pale kunapomwacha mtoto katika hatari ili sisi watu wazima tusilaumiwe.

Tangu hapo nimeendelea kuchezesha, ila sizichezeshi mechi za binti wa kaka yangu. Si kwamba sijiamini, bali hata ningekuwa mwadilifu namna gani, wa upande wa pili wasingekuwa na raha.

Enyi wazee wenzangu, majumbani mwetu nasi tu waamuzi. Mara nyingi twapuliza pasipo na haja, mtoto akikosea jambo dogo huku anaelekea kwenye kheri, na twanyamaza palipo na hatari kwa kuogopa machozi yake au maneno ya jirani. Tujizoeze kupambanua. Na tunapolazimika kumzuia mtoto, tumwambie waziwazi tumemzuia kwa lipi, kama yule binti alivyostahiki kuambiwa. Aliondoka bado amenuna, lakini aliondoka mzima, na Jumamosi iliyofuata nilimwona kiwanjani akikaba kwa umbali wa fimbo yake.