Sakania: Nyimbo za kelele za ng'ambo ya mpaka zilisema nini?

Kunako mwaka 1976, vijana wa New York na London walipata jina kwa muziki wa kelele ulioitwa punk: gitari za kukwaruza na maneno ya hasira. Mwaka huohuo, huko Zambia, jirani na Sakania, kikundi Ngozi Family kilitoa albamu Day of Judgement, nayo ina gitari za kukwaruza vilevile. Ila vijana hao waliimba mambo ya kwao.

Tuanze na jina. Mwenye Kiswahili akisikia "ngozi" hufikiri ngozi ya mwili. Kwa Kinyanja, neno hilo ni hatari au ajali. Kiongozi wao, Paul Dobson Nyirongo, alijulikana kama Paul Ngozi. Kikundi kingine, WITCH, jina lake husomeka "mchawi", kumbe kila herufi ni mwanzo wa neno la Kiingereza, na maana yake ni "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger.

Muziki huo ulishamiri katika miji ya shaba kama Kitwe. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ametaka redio ipige zaidi muziki wa nyumbani. Mwanzoni vikundi vingi viliimba Kiingereza. Paul Ngozi alipoimba Kinyanja na Kibemba, ugomvi wa ndoa na shida za mtaani ziliingia katika gitari zile, na mama asiyejua Kiingereza akaelewa bila mkalimani.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, kaseti za wizi zikala jasho la wanamuziki, na UKIMWI ukawachukua wengi wao. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Jagari alichimba mawe ya thamani kabla ya kurudi jukwaani. Wenzake wengi wa mwanzo walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu Zango. Wapenzi wa mbali walipokuja kuuliza maana ya nyimbo za zamani, waliobaki kuwajibu walikuwa wachache.

Familia zilizokimbia makwao zinalijua jambo hili. Kaseti na simu hubaki nyuma; wimbo husafiri kichwani. Lakini nani aliutunga, kwa kilio kipi au harusi ipi, mara nyingi anajua mzee mmoja tu wa ukoo. Aulizwe angali hai, na mtoto mwenye daftari aandike.